Kuchagua deki ya santuri na katriji ukiwa Nairobi: anza na santuri ulizonazo

Mtu akiniuliza deki gani ni nzuri, nami humuuliza: una santuri gani? Aliyeachiwa na babake kreti ya santuri ndogo za benga na rumba hahitaji chombo kile kile anachohitaji mwenye kuagiza LP mpya kutoka ng'ambo. Santuri huchagua sindano, sindano huchagua katriji (kile kijisehemu kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme), katriji hutaka mkono wa deki unaoifaa, na deki huja mwisho. Madukani biashara hufanywa kinyume: unaonyeshwa deki inayong'aa, na katriji ni kile kitu kilichokuja nayo ndani ya boksi. Mimi nitakwenda kwa mpangilio wangu.

Hatua ya 1: Tandaza santuri zako

Zitoe zote uzigawe kwa kasi. Za inchi 7 huwa nyingi zaidi katika nyumba za hapa, nazo huzunguka mara 45 kwa dakika. LP za inchi 12 ni 33⅓. Ukikuta zile nzito za zamani za 78, ziweke kando kwa uangalifu, kwa sababu zikianguka zinavunjika. Mifuo yake, ile mistari ambamo sindano hupita, ni mipana, na sindano yake ni nene takriban mara nne kuliko ya LP, kwa hivyo usizijaribu kwa sindano ya kawaida.

Sasa chukua moja, washa tochi ya simu na uinamishe santuri mpaka mwanga uteleze juu yake. Mikwaruzo myembamba ya juu juu isikutishe. Kinachotisha ni mifuo iliyogeuka kijivu, hasa karibu na lebo: hapo sindano za zamani zililima. Santuri zilizopigwa baa usiku kucha kwa miaka huwa hivyo, na hakuna katriji duniani itakayozirudishia kilichokwisha kukwanguliwa.

Kama bado hujaanza kukusanya, pita kwenye vibanda vya santuri Kenyatta Market au dukani Melodica pale Tom Mboya Street uone utakachokuwa ukinunua. Halafu ndipo urudi kwenye habari za deki.

Hatua ya 2: Geuza amplifaya uangalie nyuma

Tafuta matundu yaliyoandikwa PHONO, na kando yake skrubu ndogo ya waya wa athi. Yakiwepo, umeokoa pesa. Yasipokuwepo, utahitaji priampu ya fono, ama kiboksi cha peke yake au iliyojengwa ndani ya deki.

Usiruke hatua hii. Katriji ya kawaida ya sumaku, ile inayoitwa MM, hutoa kama milivolti 3 hadi 5 tu. Isitoshe, santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali zikiwa zimeongezwa, kwa kufuata kanuni ya RIAA iliyokubaliwa mwaka 1954. Priampu ndiyo hurudisha mambo mahali pake: huinua besi ya hezi 20 kwa karibu desibeli 20, na kushusha zile sauti kali za juu kwa kiasi kama hicho. Ukichomeka deki moja kwa moja kwenye AUX utasikia muziki mwembamba, wa mbali, usio na gitaa la besi, na utaanza kulaumu spika.

Kuna pia katriji za MC, zenye koili inayosogea badala ya sumaku. Nyingi hutoa chini ya nusu milivolti, zinataka priampu yenye nguvu zaidi, na sindano yake ikiisha kwa kawaida unabadilisha katriji nzima. Kwa deki ya kwanza, achana nazo.

Hatua ya 3: Chagua sindano, kisha katriji

Hapa ndipo pesa yako iende.

Ncha ya sindano ina maumbo, na umbo ndilo linaloamua sehemu gani ya mfuo itaguswa. Ya koni ni ya mviringo mtupu. Ni ya bei nafuu, haisumbui ikifungwa vibaya kidogo, na inavumilia santuri chafu. Ubaya wake ni kwamba hupita pale pale koni zilizotangulia zilipopita miaka 40 iliyopita. Ya duaradufu ni nyembamba zaidi ubavuni, husoma sauti za juu vizuri zaidi, na ndiyo ningempa mtu mwenye mchanganyiko wa 45 na LP. Juu yake kuna mikrolaini na Shibata. Hizi hugusa ukuta wa mfuo kwa mstari mrefu, kwa hivyo mara nyingine hufikia sehemu ambayo haikuwahi kuguswa, na santuri uliyodhani imekufa inaamka. Mara nyingine tena huchimbua kelele zote zilizojificha. Huwezi kujua mpaka ujaribu, na ndiyo maana nashauri ununue katriji ambayo sindano yake inachomoka.

Mfano ulio rahisi kuueleza ni familia ya AT-VM95 ya Audio-Technica. Mwili ni mmoja, na sindano za koni, duaradufu, mikrolaini, Shibata, hata ya 78, zote huingia humo humo. Unaanza na duaradufu, AT-VM95E, pesa ikipatikana unaongeza nyingine, na kubadilisha ni kazi ya vidole viwili bila kugusa skrubu. Ortofon 2M Red nayo ni nzuri, na baadaye unaweza kuivika sindano ya 2M Blue. Shure walikuwa wapenzi wa maDJ kwa muda mrefu, ila waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018. Anayekuuzia "Shure mpya" leo muulize maswali mengi.

Jambo moja ambalo wenye 45 za zamani huwa hawaambiwi: nyingi ni mono, yaani spika zote mbili hutoa sauti ile ile. Katika mono, muziki wote uko kwenye mtikisiko wa sindano wa kushoto na kulia. Sindano ikiruka juu na chini, huo si muziki, ni vumbi na uchakavu. Ukibonyeza kitufe cha MONO kwenye amplifaya, kelele hiyo ya juu-chini hujifuta yenyewe kwa kiasi kikubwa. Amplifaya nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina kitufe hicho. Ukiwa nacho, kitakufaa kuliko sindano ya bei ghali.

Hatua ya 4: Sasa deki

Kwanza, zile za mkoba zenye spika ndani. Zinapendeza kwenye picha. Mkono wake hauna namna ya kurekebisha uzani wa sindano juu ya santuri, katriji yake ya seramiki hukandamiza santuri kuliko inavyotakiwa, na huwezi kuibadilisha. Kama kreti yako ina thamani kwako, usizipitishe humo.

Zilizobaki ni za aina mbili: za mkanda, ambapo mota huzungusha sinia (sahani inayobeba santuri) kwa mpira, na zile ambazo mota iko moja kwa moja chini ya sinia. Wabishi watakuambia ya mkanda ina sauti tulivu. Inawezekana. Lakini kwa msikilizaji wa Nairobi mimi huuliza swali la kivivu zaidi: utabadilisha kasi mara ngapi? Katika baadhi ya deki za mkanda, zikiwemo Rega Planar 1 hadi 3 za kawaida, kutoka 33 kwenda 45 ni lazima unyanyue sinia na kuhamisha mkanda kwa mkono. Mwenye santuri ndogo, ambapo wimbo wa rumba umekatwa vipande viwili na unageuza kila baada ya dakika chache, ataipenda deki yenye kitufe.

Kwa anayeanza na hataki kushika bisibisi, AT-LP60X inajiendesha yenyewe na ina priampu ndani, ila mkono hausetiki na katriji haibadiliki, sindano tu. Kwa anayetaka kukua nayo, AT-LP120XUSB ina kasi zote tatu, mkono unaosetiwa, na inakuja na AT-VM95E. Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, bado ni farasi, ukiipata isiyochakachuliwa.

Hatua ya 5: Ukinunua mtumba, uliza stima kabla ya bei

Kila aliyenunua gari la Japani anajua redio yake ilivyogoma kushika stesheni za juu za FM mpaka ikafungiwa kifaa cha kuongeza bendi. Deki nazo zina ugonjwa wa namna hiyo. Kenya tuna volti 240 na hezi 50. Japani ni volti 100, upande wa Tokyo hezi 50 na upande wa Osaka hezi 60. Marekani ni volti 120 na hezi 60.

Muuzaji atakuambia, "Boss, weka transfoma tu." Transfoma hubadilisha volti, haigusi hezi. Deki ya mkanda yenye mota ya zamani ya AC hufuata hezi za stima. Ya Marekani ikiwashwa hapa, 33⅓ inashuka hadi karibu 27.8, na mwimbaji anashuka zaidi ya nusu-toni tatu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Dawa ni puli ya mota ya hezi 50, ambayo kipenyo chake ni kikubwa kwa asilimia 20. Fundi wa lethi anaweza kuichonga, lakini akikosea kidogo kasi inayumba. Deki zenye mota ya DC au zinazodhibitiwa na kwatzi hazina shida ya hezi, volti tu.

Ukiwa Luthuli Avenue au kwingineko, soma kibandiko cha nyuma kwanza. Kisha:

Shika mkono wa deki taratibu karibu na egemeo lake, uusukume mbele na nyuma. Ukicheza kwa kugongagonga, beringi zimekwisha, ondoka. Uachie uelee: uende kushoto na kulia bila kusitasita. Zungusha sinia kwa kidole stima ikiwa imezimwa, weka sikio karibu. Mkwaruzo ni dalili mbaya. Washa, weka simu yenye programu ya kupima kasi katikati ya sinia, usome. Piga picha ya sindano kwa kuikaribia kabisa, uikuze. Ikiwa imepinda au haina ncha, toa gharama ya sindano mpya kwenye bei, na usikubali kuambiwa "inalia tu vizuri". Kwa kweli mimi huhesabu sindano ya mtumba kuwa haipo.

Hatua ya 6: Kuifunga

Nyaya nne ndogo zina rangi: nyeupe ni kushoto chanya, buluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Zisukume kwa kibano, ukishika kile kishikizo cha chuma, si waya wenyewe. Acha kifuniko cha sindano kikiwa mahali pake mpaka skrubu zikaze.

Kuipanga unahitaji karatasi ya vipimo. Pakua ya mkono wa deki yako uende saiba. Mwambie kijana achape kwa asilimia 100, asikubali kompyuta ikunje ukurasa utoshe, kisha pima kwa rula mstari wa kulinganishia uliochorwa humo kabla hujalipa. Milimita moja ikipotea hapo, nyimbo za mwisho wa upande zitasikika na mikwaruzo ya "s". Kwa Technics kuna njia ya mkato: ncha ya sindano ikae milimita 52 kutoka kwenye shingo ya kichwa cha katriji.

Uzani sasa. Antiskeiti, kile kirekebishi kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati ya santuri, iwe sifuri. Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sambamba na sinia, usipande wala kushuka. Weka kipimo kwenye sifuri bila kugeuza uzito wenyewe, halafu zungusha vyote pamoja hadi namba ya mtengenezaji: gramu 2.0 kwa AT-VM95E, 1.8 kwa 2M Red. Mizani ndogo ya dijitali ya kupimia vito itakuhakikishia. Antiskeiti ilingane na uzani huo. Usiogope gramu mbili: sindano iliyowekwa nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfuo na kuukwangua kuliko iliyotulia.

Ukisikia mvumo, angalia kwanza kama waya wa athi umekazwa.

Hatua ya 7: Mahali na vumbi

Usiiweke deki juu ya spika wala kabati moja nayo. Kwenye nyumba ya sakafu ya mbao, rafu iliyopigwa ukutani hufaa kuliko meza.

Kuosha santuri, tumia maji ya betri kutoka petroli stesheni, yaani yale yaliyosafishwa. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri huuzwa papo hapo. Tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, fuata mzunguko wa mifuo, suuza, usiloweshe lebo. Spiriti isiguse za 78, huyeyusha shelaki, ile malighafi iliyozitengeneza.

Sindano isafishwe kwa brashi ndogo kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kinyume. Audio-Technica wanaipa duaradufu yao saa 300 na mikrolaini saa 1000. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha boksi, na kama una sindano mbili, ile ya santuri zilizochakaa itie alama ya rangi ya kucha ili usije ukaichomeka siku ya LP mpya.