Kabla ya kumwaga mbegu: uwanja wa gofu baada ya kiangazi kikali

Kiangazi kikishaunguza uwanja, jambo la kwanza linalomjia mtunzaji ni kuagiza mbegu. Asubiri kidogo. Nyasi zilizogeuka rangi ya majani makavu si lazima ziwe zimekufa. Nyingi zimelala tu: zimeyaacha majani yakauke ili ziokoe ile sehemu nyeupe ya chini, pale majani yanapokutana na mizizi, ambako machipukizi hutokea. Shika shungi, livute. Liking'oka bila ubishi, pana uwezekano mkubwa limekufa. Likishikilia, chimba vipande vichache pamoja na udongo wake, viweke penye joto na mwanga, uvimwagilie kwa wiki mbili hivi. Visipochipua, ndipo uanze kupima eneo la kupanda upya.

Swali linalofuata ndilo zito, na ndilo wengi huliruka: kwa nini pamekufa hapa, na si pale hatua tatu mbele? Ukipanda bila kulijibu, kiangazi kijacho utapanda palepale tena. Chora ramani ya mabaka. Yakifuata njia ya magari ya gofu, chomeka bisibisi ndefu. Ikigoma hata udongo ukiwa na unyevu, umeshindiliwa. Yakitokea katikati ya grini, yaani eneo la nyasi fupi sana linalozunguka shimo la mpira, inayomwagiliwa kila siku, toa kipande cha udongo uudondoshee matone ya maji. Tone likikaa juu kama limeangukia nta, udongo wenyewe unakataa maji, na utahitaji dawa ya kuufanya unyonye maji pamoja na kuutoboa. Maji zaidi peke yake yatapita pembeni.

Vinyunyizio navyo visiaminiwe kwa kutazamwa. Panga makopo ya ukubwa mmoja, fungua maji kwa dakika 15, kisha linganisha kina cha maji katika kila kopo. Utashangaa jinsi kopo moja linavyojaa na jirani yake likabaki na tone la kuogea shomoro. Kama maji yako yana chumvi, peleka udongo maabara. Chumvi hurundikana wakati mvua haipo, na huondolewa kwa kumwagilia kwa wingi hadi ishuke chini ya mizizi, mradi mifereji ya chini inapitisha.

Kalenda inategemea aina ya nyasi. Zile za ubaridi, kama Agrostis ya kwenye grini au Lolium perenne, hupandwa joto likianza kushuka, udongo ukiwa kati ya nyuzi 10 na 18 za Selsiasi. Lolium huota ndani ya siku 5 hadi 10. Poa pratensis huweza kukuchosha kwa wiki mbili mpaka nne, kwa hiyo usiahidi tarehe ya kufungua bila kujua umechanganya nini. Ukoka ni kinyume chake. Unapenda joto na hutambaa wenyewe kuziba mapengo, na ukiupanda baridi ikikaribia unapoteza pesa.

Fungua pia daftari la dawa. Kiuagugu kinachozuia mbegu za magugu kuota hakibagui mbegu zako. Soma lebo uone muda wa kungoja.

Mashine za kutoboa zikaguliwe mapema, meno yaliyoisha yabadilishwe, visu vya kukatia vinolewe. Mchanga wa kutandaza ufanane na ule uliopo chini, la sivyo utajenga tabaka litakalozuia maji. Mbolea ya naitrojeni iwe kidogo kidogo: nyasi zilizotoka njaa hazilishwi karamu, na fosforasi iamuliwe na vipimo vya udongo. Mkato wa kwanza usizidi theluthi moja ya urefu wa majani.

Mbegu changa hutaka maji mepesi mara kadhaa kwa siku, kwa hiyo pampu iliyokuwa ikisumbua itengenezwe kabla, si siku ya tatu baada ya kupanda.

Wanachama nao ni sehemu ya maandalizi, pengine ngumu kuliko udongo. Waambie mapema mashimo yapi yatafungwa na magari yatapita wapi. Kama utahitaji grini ya muda, chagua mahali pake wiki kadhaa kabla: nyasi za feawei, ile njia ya kuchezea inayoelekea grini, haziwezi kushushwa hadi kimo cha grini kwa siku moja, zitaungua tena mbele ya macho yako.