Kupima Msuguano wa Hewa Juu ya Uso kwa Utando wa Mafuta

Katika handaki la upepo, yaani njia iliyofungwa ambamo hewa hupulizwa juu ya kifaa kinachojaribiwa, msuguano wa hewa kwenye uso wa bawa unaweza kupimwa kwa tone la mafuta ya silikoni, njia ambayo watafiti Tanner na Blows waliieleza mwaka 1976. Ubora wake mkubwa ni kwamba haihitaji kukisia umbo la mtiririko wa hewa karibu na uso huo.

Safisha kwanza kipande cha kioo kilichopakwa rangi nyeusi upande wa chini, kisha kiweke sawasawa na uso unaouchunguza, kwa kuwa hata kingo ndogo iliyoinuka huvuruga hewa. Weka tone, washa upepo, na uangaze kwa taa ya sodiamu, ambayo mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 589. Mafuta yanaposukumwa na kuwa membamba, mistari ya mwanga na giza hujitokeza kuanzia ukingo wa mbele, nayo huachana kadiri muda unavyopita. Piga picha kwa vipindi sawa, kamera ikiwa karibu wima juu ya kioo.

Kati ya mstari mmoja na unaofuata, unene wa mafuta hutofautiana kwa takriban nanomita 210. Zidisha mnato wa mafuta, yaani ukinzani wake dhidi ya kutiririka, kwa kasi ya kutanuka kwa nafasi kati ya mistari hiyo, kisha ugawanye kwa tofauti hiyo ya unene; jibu ndilo mkazo wa msuguano, yaani nguvu ya msuguano kwa kila kipimo cha eneo la uso.

Jambo linalostahili uangalifu kuliko yote ni jotoridi: nyuzi moja ya selsiasi hubadilisha mnato kwa karibu asilimia 2, kwa hiyo lipime kwenye kioo chenyewe, si hewani.