Monstera ya sebuleni: kuipandisha, kuimwagilia na kuitibu inapougua

Natunza maua ya ndani kwenye nyumba na ofisi za Dar es Salaam, na ua ninaloulizwa zaidi ya yote ni monstera, lile lenye majani makubwa yaliyochanika. Kila mtu anataka dawa. Mara nyingi dawa haihitajiki kabisa.

Monstera deliciosa asili yake ni misitu ya kusini mwa Mexico hadi Panama. Huko huanzia chini kwenye kivuli, kisha hupanda mti mkubwa kwa mizizi inayochomoza kwenye shina. Kwa hiyo inataka mwanga bila jua kali, mizizi inayopata hewa, na kitu cha kukwea.

Hatua ya 1: Mahali

Mchana, shika mkono wako juu ya karatasi nyeupe pale unapotaka kuiweka. Kivuli kikionekana lakini kingo zake ni hafifu, weka hapo. Kisipoonekana, pana giza. Kikiwa cheusi chenye kingo kali, majani yataungua.

Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa Ulaya na Marekani, ambako dirisha la kusini ndilo lenye jua. Hapa Dar, kati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita huwa upande wa kaskazini, halafu linahamia kusini. Ua lililotulia Desemba kwenye dirisha la kaskazini linaweza kuungua Juni, na mwenye nyumba akadhani ni ugonjwa. Dirisha la mashariki halina usumbufu huo. Jua la asubuhi halidhuru.

Hatua ya 2: Udongo na chungu

Udongo mweusi wa bustani ukiwa peke yake hushikamana na kuzuia hewa. Changanya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja, na vipande vidogo vya mkaa sehemu moja. Mkaa uchekeche kwanza, vumbi lake litupe. Makumbi yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa, hasa kama yamekaa karibu na bahari. Kule pwani ya mashariki ya Unguja akina mama huyafukia ufukweni kwa miezi ili wapate usumba, yaani nyuzi za makumbi, na chumvi hubaki ndani yake.

Chungu lazima kiwe na matundu chini, na kisizidi fungu la mizizi kwa zaidi ya sentimita tano hivi. Chungu kikubwa mno hukaa na maji ambayo mizizi haijaweza kuyafikia.

Hatua ya 3: Nguzo

Hapa ndipo watu wengi huacha, na ndiyo maana monstera zao zinatambaa sakafuni na kuziba njia. Chukua mti mnyoofu au bomba la plastiki, lizungushie usumba kwa unene wa vidole viwili, ulikaze kwa kamba.

Sasa tazama shina kwa karibu. Lina mbele na nyuma: upande mmoja unatoa vikonyo vya majani, mwingine una vinundu vya rangi ya kahawia ambavyo ni mizizi inayotaka kutoka. Huo wa vinundu ndio unaoegemezwa kwenye nguzo. Ukikosea upande, ua litajipinda kila siku kutafuta mwanga. Funga shina lenyewe kwa utepe wa kitambaa laini, si vikonyo. Kikonyo kinahitaji nafasi ya kugeuza jani lake. Nyunyizia usumba maji kila unapopita, mizizi itaingia yenyewe, na majani yatakayofuata yatakuwa makubwa zaidi.

Hatua ya 4: Maji

Sahau ratiba. Chomeka kijiti cha mishikaki hadi katikati ya chungu, kiache dakika chache, kichomoe. Kikitoka kimelowa na udongo umeng'ang'ania, subiri. Kikiwa kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na kingo za majani hukauka kwa sababu hiyo. Kinga maji ya mvua uyatumie hayo.

Mbolea ni kidogo: NPK ya maji iliyopunguzwa hadi nusu ya kipimo cha pakiti, mara moja kwa mwezi, na udongo ukiwa umelowa.

Inapougua

Jani moja la chini kabisa likiwa la njano, limezeeka, likate. Majani kadhaa yakigeuka kwa pamoja huku udongo umelowa, mizizi inaoza. Toa ua kwenye chungu uvute mzizi mmoja: mzima ni mgumu na mweupe, uliooza ganda lake linateleza na kubaki uzi mkononi, tena unanuka. Kata yote iliyooza kwa kisu kilichopanguswa spiriti, panda upya kwenye chungu kidogo, maji yasubiri siku chache.

Majani mapya hayana matundu? Ua ni changa, au mwanga hautoshi. Jani lililofunguka zima halitachanika baadaye, kwa sababu matundu hutengenezwa kabla halijakunjuka, angalia linalofuata.

Matone ya maji kwenye ncha za majani alfajiri si ugonjwa.

Mabaka ya rangi ya fedha yenye vidoti vyeusi ni jambo jingine: hao ni thripsi, wadudu wadogo sana wanaofyonza majani. Litenge ua mbali na mengine, lioshe majani pande zote, kisha nyunyizia mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na sabuni ya maji kidogo, jioni. Mayai yamo ndani ya jani na dawa haiyafikii, kwa hiyo rudia kila wiki kwa mwezi mzima hata kama huoni kitu. Wadudu weupe kama pamba kwenye vikonyo wapanguse kwa pamba yenye spiriti.

Ua likifika darini, kata kilele chini ya kifundo chenye mzizi wa hewani, acha kidonda kikauke, kisha chomeka kilele hicho kwenye chungu kilekile ili ua lijae chini. Vaa glavu, utomvu unawasha. Jani likitafunwa linachoma mdomo na koo, kwa hiyo kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa, paka au mbwa, liweke wasikofika.