SOMO: Inhela ya kinga kwa mtoto mwenye pumu, kila siku bila kuruka

Swali ni lile lile kila wiki: "Anavuta dawa lakini usiku bado anakohoa." Kabla hujailaumu dawa, pitia hapa. Naongelea inhela ya kinga, yenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe kwenye njia za hewa), inayovutwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Ile ya kutuliza ni ya wakati amebanwa.

1. Ipange pamoja na mswaki. Dawa kwanza, mswaki baadaye.

2. Mtoto akae wima.

3. Tikisa inhela, ichomeke kwenye spesa, yaani ile chupa ya plastiki yenye barakoa ambayo mtoto anavutia dawa.

4. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Barakoa ishike pua na mdomo bila mwanya wowote. Bonyeza MARA MOJA, mwache apumue kawaida mara 5 au 6, jicho lako likiwa kwenye vali, kile kijilango cha hewa cha spesa. Vali isipocheza, hewa inapita pembeni. Usibonyeze mbili kwa mpigo, dawa nyingi itaishia kwenye kuta za spesa. Na usimkabe mtoto anayelia! Kilio hutoa pumzi ndefu na kuvuta fupi za ghafla, hivyo dawa hugota kooni na kumezwa. Utahesabu dozi ambayo mapafu hayakuipata. Mbembeleze atulie kwanza. Mchana mpe spesa tupu aizoee, amvalishe hata mdoli.

5. Kama ameandikiwa mibonyezo miwili, ngoja nusu dakika, tikisa tena, rudia.

6. Asukutue na kutema, kisha mfute uso. Mabaki ya steroidi huleta utando mweupe mdomoni.

mama_pacha: Mwezi mzima hajakohoa. Niache?

Jibu: Usiache. Hakohoi kwa sababu anavuta. Wa kupunguza ni daktari.

mzee_kijana: Naweza kubonyeza zote mbili pamoja nikiwa na haraka?

Jibu: Hatua ya 4. Isome.

babaK: Nitajuaje imeisha? Nasikia unaiweka kwenye maji, ikielea basi.

Jibu: Swali zuri. Maji hayatoi jibu la kuaminika, na gesi huendelea kutoka hata dawa ikiwa imekwisha. Kama inhela haina namba za kuhesabia, piga hesabu: mibonyezo 200, miwili asubuhi na miwili jioni, ni siku 50. Siku ya kuifungua andika juu yake tarehe ya kuisha.

shangazi_2: Wetu ana miaka 12, anadai amevuta kumbe wapi.

Jibu: Ukimuuliza "umevuta?" atasema ndiyo tu. Muulize kwa upole, "Wiki hii umeruka mara ngapi?", na akikuambia ukweli usimgombeze, la sivyo hutausikia tena. Ashike inhela mwenyewe, ila avute ukimwona. Muulizeni daktari pia kama dozi inaweza kuwa mara moja kwa siku. Umri huo inasaidia sana.

mama_pacha: Na spesa naisafishaje?

Jibu: Maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha ikauke yenyewe. Usiifute ndani kwa kitambaa: msuguano huleta umeme tuli, na dawa inanata kwenye plastiki.