Spageti za kamba kwa watu wawili, kama tunavyozipika mkahawani Malindi

Nimekaa jikoni mwa mkahawa mdogo wa Kiitaliano hapa Malindi miaka 11. Una meza nane tu, na inayonipa kazi zaidi ni ile ya watu wawili, pembeni chini ya mwarobaini. Kundi la watu kumi likicheleweshewa chakula huendelea na soga zake. Wawili wamekuja kutazamana na kula, na kila kosa la jikoni huwafikia likiwa zima. Hata hivyo hili ndilo pishi rahisi zaidi kulihamishia nyumbani, kwa kuwa spageti hupendeza zikipikwa chache. Za arusi hata mimi siziwezi.

Hatua ya 1: Kamba
Nunua nusu kilo, wenye vichwa. Waliokwisha menywa waache hata wakiuzwa rahisi, maana utamu wote umo kwenye kichwa na ganda. Kamba wa leo ana ganda lililombana mwilini na ananukia bahari. Kichwa kikiwa cheusi na kining'inia, muage mchuuzi kwa wema uende zako. Wangu hutoka Ngomeni, pale pale Waitaliano walipojenga jukwaa la San Marco baharini miaka ya 1960, na ambapo setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu. Tangu zama hizo Waitaliano ni majirani zetu, na spageti zimekaa madukani kando ya unga wa ngano.

Hatua ya 2: Supu ya maganda
Menya kamba, toa ule uzi mweusi wa mgongoni, waweke kando na chumvi kidogo. Vichwa na maganda vikaange kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka viwe vyekundu, huku ukiviponda kwa mwiko vichwa vitoe mafuta yake ya rangi ya machungwa. Mimina vikombe viwili vya maji, chemsha dakika 15, kisha chuja. Utabaki na kikombe hivi. Wapishi wengi humimina divai hapa. Nyumbani kwangu divai haiingii, na kwa supu hii sijawahi kuikosa.

Hatua ya 3: Maji
Gramu 200 za spageti zatosha wawili. Chemsha lita 2 za maji, tia kijiko kikubwa cha chumvi kilichojaa. Usitie mafuta, usizivunje spageti. Zitajikunja zenyewe zikilainika. Kama pakiti inasema dakika 10, wewe zitoe dakika ya 7. Kata moja kwa jino uitazame: katikati uone kitone cheupe. Hicho ndicho unachokitaka.

Hapa ndipo sisi wa pwani tunapokosea, kwa sababu tumelelewa na tambi za sukari, laini, za kuyeyuka mdomoni. Siku yangu ya kwanza katika hoteli niliyoanzia nilizipika hivyo, kisha nikaziosha kwa maji baridi. Mpishi mkuu alizimwaga zote mbele yangu. Niliumia, lakini alikuwa na haki: ukiziosha umeondoa wanga, na wanga ndio unaoushika mchuzi.

Hatua ya 4: Kikaango
Wakati spageti ziko motoni, tia vijiko vinne vya mafuta ya zeituni kwenye kikaango kipana, moto mdogo. Punje mbili za kitunguu thomu zilizokatwa nyembamba, na kipande cha pilipili. Thomu ikigeuka kahawia imeshakuwa chungu, anza upya. Ongeza moto, kaanga kamba dakika moja kila upande, watoe. Wakikaa zaidi watakuwa mpira. Sasa tia nyanya ndogo 10 zilizopasuliwa, ziponde kidogo, kisha umimine ile supu.

Hatua ya 5: Kuunganisha
Mwite mwenzio mezani sasa, kabla hujafanya lolote lingine. Mlaji azingoje spageti, kwani zenyewe hazijui kungoja.

Zichote kwa koleo kutoka kwenye sufuria moja kwa moja hadi kikaangoni, na matone yake. Moto mkali. Zigeuze bila kusita kwa dakika mbili au tatu, ukiongeza upawa mdogo wa maji ya spageti kila zikikauka. Mwanzoni utaona mafuta juu na maji chini. Endelea. Ghafla vitashikana, mchuzi uwe mzito kama kasimele, na ukiinamisha kikaango hakuna maji yanayokimbia. Rudisha kamba, zima moto.

Chana majani matano ya mrehani kwa mkono, ule ule wa uani tunaoufungia vikuba na asumini. Una harufu kali kuliko wa Kiitaliano, kwa hiyo usizidishe, wala usiupitishe motoni utakuwa mweusi. Jibini usitie, Waitaliano ninaopika nao hawaichanganyi na vitu vya bahari, na mimi nakubaliana nao, inafunika ladha ya kamba uliyoihangaikia.

Pakua kwenye sahani zilizopashwa moto, kipande cha ndimu pembeni, na mkate wa mofa wa kufutia mchuzi utakaobaki.