Kurudi Nyumbani kwa Njia ya Milimani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari ya Vuli

Anayerudi nyumbani huwa na haraka kuliko anayekwenda. Likizo imekwisha, kazini anasubiriwa, na kila saa anaipigia hesabu. Kwa hiyo ukiamua kurudi kwa kupitia hifadhi za milima ya Rocky kule Marekani, wakati wa vuli ya huko, Septemba au Oktoba, kitu cha kwanza cha kuandaa ni siku ya ziada. Huko juu theluji huweza kuanguka hata Septemba. Barabara inafungwa usiku na huenda ikafunguliwa kesho yake mchana, au isifunguliwe kabisa hadi mwakani. Mwenye siku ya ziada atakunywa chai akisubiri. Asiyekuwa nayo ndiye anayejaribu kupita.

Panga barabara kabla ya kupanga hoteli. Kila hifadhi ina barabara moja inayopendwa na watu wote, na mara nyingi hiyo ndiyo inayotangulia kufungwa. Ndani ya Glacier, Montana, ni Going-to-the-Sun Road, yenye urefu wa kilomita 80 hivi, inayopanda hadi mita 2,026 pale Logan Pass, kipito cha juu mlimani. Sehemu ya juu kwa kawaida haivuki Oktoba. Ikifungwa, unazunguka kusini kwa barabara ya US 2 kupitia Marias Pass, inayopitika mwaka mzima. Beartooth Highway, inayofika Yellowstone upande wa kaskazini-mashariki, hupita mita 3,300 na hufungwa mapema, mara nyingi katikati ya Oktoba. Barabara za ndani ya Yellowstone nazo, karibu zote, hufungiwa magari ya kawaida mwanzoni mwa Novemba. Inayobaki wazi ni ile ya kaskazini, kati ya Gardiner na Cooke City. Ukifika mlango wa kusini wakati huo ukidhani utakatiza hadi Montana, utageuza gari.

Colorado, ndani ya hifadhi ya Rocky Mountain, kuna Trail Ridge Road, inayofika mita 3,713, inayounganisha Estes Park na Grand Lake kwa kilomita 77 tu. Ikifungwa, njia ya kuzunguka kupitia barabara kuu ya I-70 na Berthoud Pass hula nusu siku yako. Na hapo kuna sheria: kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, kwenye I-70 kati ya Dotsero na Morrison, gari dogo lazima liwe na tairi zinazofaa theluji au libebe minyororo ya kuvalisha tairi. Kama gari ni la kukodi, uliza mapema limefungwa tairi gani na kama mkataba unaruhusu kuvalisha minyororo, maana kampuni nyingi hukataza. Hali ya barabara itazame kwenye tovuti ya hifadhi yenyewe asubuhi ya siku hiyohiyo. Ramani ya simu hukadiria muda kana kwamba hakuna ukungu wala nyati barabarani.

Tukiwa bado kwenye gari: baridi hupunguza upepo wa tairi, kwa hiyo pima asubuhi kabla hujaondoka, tairi zikiwa bado za baridi. Maji ya wipa yawe ya aina isiyoganda. Rejeta iwe na dawa ya kuzuia kuganda, si maji matupu. Betri iliyokuwa ikisuasua nyumbani ndiyo itakayokuumbua kambini alfajiri. Mteremkoni tumia gia nzito. Ukikanyaga breki muda wote zitapata moto na kulegea. Jaza tangi kabla ya kuingia, kwani ndani ya Glacier na Rocky Mountain hakuna kituo cha mafuta, na vile vya Yellowstone hufungwa kadiri msimu unavyokwisha. Pakua ramani kwenye simu kabla mtandao haujapotea. Utapotea, na kwa muda mrefu.

Wanyama wanataka aya yao. Vuli ni msimu wa elki, kulungu wakubwa wa huko, kupandana: madume hupiga mbinja alfajiri na jioni, hupigana, na hushambulia hata magari yaliyoegeshwa. Dubu naye anakula kutwa nzima kujinenepesha kabla ya kulala majira ya baridi, kwa hiyo chakula, dawa ya meno na hata sabuni vifungiwe ndani ya gari au kwenye sanduku la chuma la kambini. Ukitembea Glacier, Yellowstone au Grand Teton, ning'iniza kiunoni kopo la dawa ya kupulizia dubu. Kopo lililo chini ya nguo kwenye begi ni mzigo tu. Kanuni ya Yellowstone ni mita 91 kutoka kwa dubu, mbwa mwitu na puma, na mita 23 kutoka kwa wengine wote. Wageni wengi humwogopa dubu peke yake, ilhali anayejeruhi watu wengi zaidi Yellowstone ni nyati, yule anayeonekana mpole kama ng'ombe.

Nguo zivaliwe kwa tabaka, maana mchana unaweza kutembea na fulana na usiku maji yakaganda kwenye chupa. Blanketi, tochi, chakula kisichohitaji moto na maji ya kutosha vikae mahali unapofikia kwa mkono, si chini kabisa ya buti la gari. Ukitoka nyanda za chini, usilale mahali pa juu sana mlimani usiku wa kwanza, kichwa kitakugonga.

Mwisho, pigia hesabu mwanga. Kila siku ya Oktoba ni fupi kuliko iliyotangulia, na Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma, hivyo jua linazama mnamo saa kumi na moja jioni. Panga uwe umeshuka mlimani na umefika unapolala kabla ya hapo, hata kama ni kwa kuacha mandhari moja uliyoitamani.