Kabla hujarina, angalia vifuniko vya nta

Asali nyingi inayochacha ndoo zikiwa stoo ilirinwa mbichi. Mbochi, yaani maji matamu ya maua, ukitoka kwenye ua, mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji. Nyuki huutia vimeng'enya vinavyovunja sukari ya mbochi kuwa glukosi na fruktosi. Kimeng'enya kingine hugeuza sehemu ya glukosi kuwa asidi, ndiyo maana asali ina uchachu kidogo hata ikiwa nzima. Kisha nyuki wanapepea mabawa usiku kucha kuukausha mbochi. Joto la mzinga linawasaidia: kwenye majana (watoto wa nyuki) nyuki hulishikilia karibu nyuzijoto 34 hadi 35.

Kwa hiyo mzinga uliokaa bondeni penye unyevu, au kundi dogo lisilojaza mzinga, huchelewa kuivisha. Usiwaharakishe.

Sega lililofunikwa nta karibu lote limeiva, rina. Lenye vyumba vingi wazi, lirudishe. Ukiwa na mzinga wa fremu, ilaze fremu juu ya mzinga na uitikise mara moja kwenda chini; matone yakiruka, bado. Sega la mzinga wa miti ya juu, linaloning'inia kwenye mti bila fremu, usilitikise hivyo, litakatika. Hapo tegemea macho.

Ukiwa na kipimo cha unyevu, kiwango cha kimataifa cha asali nyingi ni maji yasiyozidi asilimia 20, ila mimi napenda 18 kushuka chini. Na ndoo ifunikwe papo hapo, hasa msimu wa mvua, maana asali hunyonya unyevu wa hewa.